Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Mwenyewe

Ijumaa jioni, Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, likaingia sokoni. Liligonga matatu zilizokuwa zimesimama, likapitia bodaboda na meza za wachuuzi, na lilipotulia lilikuwa limeua zaidi ya watu 50. Wiki ile hapakuwa na Mkenya asiyejua Londiani iko wapi. Viongozi walifika, rambirambi zikasomwa, amri ikatolewa kwamba masoko yahamishwe kutoka kandokando ya barabara kuu.

Katika matanga ya ajali ya namna hii hakosekani mzee wa kusimama na kusema maneno tuliyoyarithi: ajali haina kinga. Ni maneno yanayofariji, na kwenye matanga sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale yanapoondoka matangani yakaenda kukaa kwenye kiti cha hakimu. Sheria ya Kenya haikubaliani nayo. Mbele ya sheria, lori linaloteremka mlima bila breki si kudra tupu. Lina mtu aliyelinunua, mtu aliyelipakia mzigo, fundi aliyesema ni zima, na kampuni iliyopokea pesa za bima yake. Matanga yakishaanuliwa na jamaa wa mbali wakirudi kwao, hao ndio watu wa kutafutwa, na muda wa kuwatafuta unahesabika.

Dereva si mwisho wa njia

Ukiuliza nani alipe, wengi watakujibu: dereva. Yeye ndiye aliyeonekana, na mara nyingi ndiye aliyetimua mbio vichakani kabla vumbi halijatua. Lakini dereva wa masafa marefu anaishi kwa mshahara na posho ya safari. Ukimshinda mahakamani utamnyang'anya nini?

Kanuni inayotumika katika mahakama zetu ni kwamba mwajiri hujibu kosa la mtumishi wake lililotendeka akiwa katika kazi aliyotumwa. Ndiyo maana hati ya madai humtaja dereva na mwenye lori pamoja. Kuhusu mwenye lori ni nani, Sheria ya Trafiki, Sura 403, inasema katika kifungu cha 8 kwamba aliyeandikishwa kwenye rekodi za gari ndiye huchukuliwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu hicho kina thamani kubwa kwa mnyonge, kwa sababu utetezi wa kwanza utakaousikia ni huu: "Lori hilo niliuza zamani." Basi na athibitishe aliyeuza. Si kazi ya mjane kukimbizana na wanunuzi.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea barabarani. Lori kubwa la kontena ni magari mawili yaliyofungwa pamoja. Kichwa kina namba yake, na trela lina namba yake inayoanza na herufi Z. Kichwa kinaweza kuwa cha mtu mmoja na trela la mwingine, au vyote viwili vikaandikishwa kwa jina la kampuni pamoja na benki iliyotoa mkopo. Piga picha namba zote mbili. Piga na stika ya bima kwenye kioo, na maandishi yaliyo mlangoni. Kisha wakili ataomba rekodi za umiliki kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, awashtaki wote wanaostahili, kila mmoja ajieleze kwa nini asilipe.

Kwenye kituo cha polisi omba namba ya tukio katika kitabu cha matukio, OB, na baadaye abstrakti ya polisi. Abstrakti ndiyo inayotaja magari, madereva, majeruhi na kampuni ya bima. Aliyeumia huchukua fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari na kurudishwa kituoni. Hospitalini usikubali kugeuzwa mlangoni kwa kukosa pesa za kutanguliza: kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na kila risiti, hata ya bandeji na ya teksi, itiwe kwenye bahasha moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maumivu nayo ni hivyohivyo: mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, ilisisitiza kwamba gharama mahususi lazima zitajwe katika madai na zithibitishwe kikamilifu. Usichoweza kukithibitisha, hulipwi, hata hakimu akikuonea huruma.

"Breki zilikataa"

Njia ya kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ina miteremko ambayo madereva huitaja kama watu wanavyowataja majirani wabaya: Salgaa, Sachang'wan, Mau Summit. Sachang'wan ndipo lori la mafuta lilipopinduka Januari 31, 2009, wananchi wakakimbilia na mitungi, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Salgaa nayo ilipata jina baya kwa mtindo wa madereva kuweka frii wanapoteremka, yaani kuliachia lori lijiendee bila gia ili kubana dizeli. Lori la tani nyingi likishaachiwa hivyo, breki peke yake ndiyo hubaki kulizuia. Inashika moto, inalegea, na huko chini kuna matatu inayopakia abiria.

Baada ya hapo maelezo huwa yaleyale: breki zilikataa. Gazetini sisi wenyewe tumezoea kuandika hivyo, kana kwamba breki zina akili na siku hiyo ziliamua kugoma. Wakili wa mwenye lori naye hulipenda neno hili, kwa kuwa linampeleka mteja wake upande wa bahati mbaya.

Ipo kesi ya Uingereza, iliyotolewa hukumu na Nyumba ya Malodi na kuripotiwa mwaka 1970, ambayo mawakili wa nchi zilizofuata sheria ya Kiingereza wanaifahamu vyema. Ni ya Henderson dhidi ya kampuni ya Jenkins. Lori lilikuwa likiteremka mlima, breki zikakosa nguvu, likamgonga na kumuua mtu aliyekuwa akitoka kwenye gari lililoegeshwa. Mjane wake akashtaki. Ikaonekana kwamba bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Wenye lori wakasema: sisi tulikagua kwa macho kama inavyotakiwa, na kutu ile ilijificha. Majaji wengi wa baraza hilo hawakuridhika. Walitaka wenye lori waeleze lori lile lilikuwa limefanya kazi gani siku zote, limebeba mizigo ya aina gani, ili ijulikane kama palikuwa na sababu ya kulifungua na kulichungulia zaidi. Hawakueleza. Mjane akashinda.

Maana yake kwetu ni kubwa. Anayejitetea kwa breki amejitwisha mzigo wa kueleza maisha ya lori lake: lilifanyiwa huduma lini, na nani, kwa vipuri gani. Lililala saa ngapi, je, na dereva alilala? Tangu marekebisho ya mwaka 2012, kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinamkataza mtu kuendesha gari la biashara kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Piga hesabu mwenyewe. Lori kubwa halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Hata likikimbia kasi hiyo bila kusimama, Mombasa hadi Malaba haliwezi kufika kwa saa nane. Dereva mmoja aliyeondoka Mombasa jana jioni akawa Londiani leo asubuhi tayari amevunja sheria kabla hajamgonga mtu.

Ushahidi wa hayo upo, tena mwingi kuliko zamani. Vituo vya mizani, Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye, hupima uzito, na kikomo kinachotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori zima na mzigo wake. Kampuni nyingi za uchukuzi zimefunga vifaa vya kufuatilia malori kwa setilaiti. Mizigo ya nchi jirani husafiri na kufuli za elektroniki zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Ushuru. Rekodi hizo zinajua lori lilikuwa wapi saa ngapi. Tatizo ni kwamba ziko mikononi mwa wengine, na lori lenyewe halikai kituoni milele. Likishakaguliwa, mwenyewe hulichukua, hulitengeneza, hulirudisha barabarani na bomba jipya la breki. Wakili mwenye macho huandika barua katika siku za mwanzo kutaka rekodi zihifadhiwe na ripoti ya ukaguzi itolewe. Asiye na wakili walau aombe jamaa apige picha za magurudumu, za alama za breki kwenye lami, na za sehemu lori lilipoangukia, kabla mvua haijanyesha.

Kesi ya jinai dhidi ya dereva isimfanye mtu asubiri. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari kuna adhabu ya hadi miaka 10 jela, lakini faini au kifungo hicho hakiingizi shilingi mfukoni mwa yatima. Madai ya fidia ni kesi nyingine, mahakama nyingine. Hata hivyo ifuatilie ile ya trafiki, maana chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya kutiwa hatiani ni ushahidi usiopingika kwamba kosa lilitendwa. Wengi hukosa kujua hata tarehe dereva alipokiri kosa, wakaja kutoa jasho mwaka mzima wakithibitisha jambo alilokwisha kulikubali mwenyewe.

Milioni tatu

Sura 405, sheria ya bima ya magari ambayo barabarani huitwa thadi pati, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kuwalipa wengine linaowaumiza. Ndiyo ngao ya mchuuzi wa Londiani. Lakini ni ngao yenye matundu, na ni heri kuyajua mapema.

Tundu la kwanza ni kiasi. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, kampuni ya bima hailazimiki kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Chukua mfano wa baba wa miaka 35 aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, mwenye mke na watoto. Mahakama ikikadiria kwamba angefanya kazi miaka 20 zaidi, na kwamba theluthi mbili za kipato chake zilikuwa zikienda kwa familia, hesabu inakuwa 30,000 mara 12, mara 20, mara theluthi mbili. Hiyo ni shilingi milioni 4.8, na bado hujaongeza gharama za mazishi. Bima inatoa tatu. Ile 1.8 inayobaki ni deni la mwenye lori, na ataulizwa yeye. Akiwa kampuni yenye malori 40, dalali wa mahakama atajua la kukamata. Akiwa mtu mwenye lori moja, na lori lenyewe ndilo lililopinduka, mjane atabaki na karatasi ya hukumu.

Nasema wazi: kikomo hicho kimezeeka. Milioni tatu za 2006 hazinunui leo kile zilichonunua wakati ule, wala karo, wala kiti cha magurudumu, na sioni kwa nini bei ya dizeli iruhusiwe kupanda nayo bei ya uhai isimame palepale. Mwaka 2013 Bunge lilijaribu kuongeza jedwali la kugawa fidia kwa asilimia kulingana na kiungo kilichoumia. Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu za msingi za marekebisho hayo mwaka 2016. Kikomo cha milioni tatu, kwa upande wake, bado kipo.

Tundu la pili ni notisi. Ili kampuni ya bima ilazimike kulipa hukumu, ni lazima iwe imearifiwa kuhusu kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Ni barua tu. Lakini barua hiyo isipotumwa, au ikatumwa na isiwepo nakala yenye mhuri wa kupokelewa, mtu anaweza kushinda kesi yote na bima ikanawa mikono. Muulize wakili wako swali hili moja, na umwombe uione nakala kwa macho yako.

Tundu la tatu huwauma watu wa mashambani hasa. Bima ya lazima ya lori haijatengenezwa kwa ajili ya aliyemo ndani yake. Mama aliyepewa lifti juu ya magunia ya kabeji, kijana aliyedandia kurudi kijijini, wote wako nje ya kile sheria inacholazimisha kampuni ya bima kulipa, kwa sababu lori si gari la abiria. Wanaweza kumshtaki mwenye lori, naye atasema dereva hakuruhusiwa kubeba watu. Kesi ya namna hiyo huweza kushinda au kushindwa, lakini mlipaji mwenye kifua kipana hayupo. Jirani yao wa sokoni, aliyegongwa akiwa amesimama chini, ana bima nzima nyuma yake.

Hata hukumu ikishatoka, kampuni ikigoma kulipa, hulazimika kufunguliwa kesi ya pili, ya kuitaka mahakama itamke kwamba inawajibika. Na zimewahi kuwepo kampuni za bima zilizowekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa, malipo yote yakasimamishwa. Mwathiriwa hakuichagua kampuni hiyo. Aliichagua mwenye lori, pengine kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa shilingi chache.

Asiye na pesilipu

Wengi wa wanaouawa kandokando ya barabara hawana hati za mshahara. Anauza nyanya, anachonga viatu, anabeba abiria kwa pikipiki. Wakili wa bima atasimama na kusema: kipato hakijathibitishwa. Kwa bahati nzuri, Mahakama ya Rufaa ililisema jambo hili mwaka 2005 katika kesi iliyomhusu seremala aliyekufa: karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu na kipato chake, la sivyo Wakenya wengi wasioweka rekodi wangedhulumiwa. Mashahidi wa sokoni wanatosha kusema marehemu alikuwa nani. Taarifa za M-Pesa za miezi sita husema zaidi ya mashahidi. Mahakama ikikosa vyote, mara nyingi hurejea kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kwa kazi ya aina hiyo, na hicho huwa kidogo kuliko alichopata marehemu kwa jasho lake.

Nani anayerithi fidia ya kifo? Sheria ya Ajali za Vifo, Sura 32, inawataja mke, mume, mzazi na mtoto, na kwa maana pana babu, bibi, mjukuu na wa kambo. Ndugu wa tumbo moja hawamo. Najua ukweli huu huwakera wengi, kwa kuwa kaka mkubwa aliyewasomesha wadogo zake ndiye nguzo ya boma, lakini sheria iliandikwa hivyo. Na anayefungua kesi awe amepata kwanza barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, hata ile ndogo ya kwa ajili ya kesi tu. Ikipita miezi sita bila msimamizi kushtaki, wategemezi wenyewe wanaweza kushtaki.

Kwa majeraha yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na haina masharti mazito ya ushahidi. Anayekwenda huko akubali tu kwamba hata akistahili zaidi ya milioni, hataivuka.

Utingo naye ana haki yake

Tunamsahau aliyekuwa ndani ya lori kwa kazi. Utingo, au taniboi kama wanavyomwita njiani, na dereva mwenyewe, wakiumia kazini wanalindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile WIBA, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019. Familia ya aliyekufa, au aliyelemaa kabisa na kwa kudumu, hustahili mapato ya miezi 96. Sheria hiyo haidai uthibitisho wa kosa la tajiri; inatosha kwamba aliumia kazini. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12, na tajiri naye ana wajibu wa kuripoti. Tatizo la tasnia hii ni kwamba utingo wengi waliajiriwa na dereva kwa mdomo tu kwenye kituo cha mafuta, na siku ya ajali kampuni husema haimjui. Ujumbe wa simu wa kutumwa mzigo, au pesa zilizotumwa kwa M-Pesa na msimamizi wa safari, huwa ndio mkataba wake.

Na lori likiwa na namba za Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Tanzania? Usikate tamaa kwa kudhani mwenyewe ameshavuka mpaka. Malori hayo huja na kadi ya manjano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka ambayo Tanzania pia imo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kila nchi ya mpango huo ina ofisi yake ya kushughulikia madai, na fidia hufuata sheria ya nchi ajali ilipotokea. Piga picha ya kadi hiyo, au walau uandike namba yake.

Waliofika kabla ya daktari

Kabla majeruhi hajatolewa kwenye machela, mara nyingine mtu nadhifu mwenye folda huwa ameshafika wodini. Anatumwa na wakili, au anasema ametumwa. Anaahidi hakuna malipo mpaka kesi ishinde, anataka sahihi na nakala ya kitambulisho. Sheria ya Mawakili inakataza kuwinda wateja kwa madalali, na katika kifungu cha 46 inabatilisha mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Mikataba hiyo inasainiwa kila siku, na pesa za bima zikishaingia akaunti ya wakili, zipo familia zilizosubiri simu mpaka zikachoka. Wakili wa kweli hatakuvunjia heshima ukimwomba mkataba ulioandikwa, nakala ya hati ya kesi, na taarifa ya malipo. Akila pesa, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Mwingine ni mwakilishi wa mwenye lori, na huyu huja na sura ya huruma. Anatoa shilingi 50,000 za jeneza, anasema tuyamalize kiungwana, anatoa karatasi ya kusaini. Pokea pole, kama inatolewa kama pole. Karatasi usiisaini kabla mtu anayejua sheria hajaisoma, kwa maana ikiwa imeandikwa kwamba umelipwa kwa ukamilifu na huna dai lingine, hiyo ndiyo kesi yako, na umeiuza kwa bei ya sanduku.

Muda wa kufungua kesi ya madai ni miaka 3 tangu ajali, au tangu kifo. Lori likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Kama kuna mtu wenu aliyegongwa na lori mwaka juzi na hamjaenda mahakamani, chukueni kalenda leo mhesabu.